Isale la Kwenye Televisheni

Dar es Salaam, 9 Februari 2024

Baba mdogo Wenseslaus,

Shikamoo. Natumaini uko na nguvu, wewe na mama mdogo Elizabeth, na yule ng'ombe mkorofi aliyempiga teke daktari wa mifugo. Sisi huku hatujambo, ila joto linatumaliza. Baba amestaafu rasmi, na sasa kila asubuhi anazunguka nyumba nzima kukagua mabomba. Likivuja moja anasema, "Angekuwepo mdogo wangu, huu upuuzi usingetokea." Anakusalimia sana.

Naandika kwa karatasi kwa sababu naijua sheria yako: simu ni ya wateja, mtu wa damu anaandikiwa. Barua inapanda na basi, ndani ya boksi la vitenge vya mama mdogo.

Sasa habari yenyewe. Ile tamthilia yangu imepata kituo! Inaanza Machi, kila Jumatano jioni, na marudio Jumapili mchana. Inaitwa *Kesho Asubuhi*. Ni ya mafundi wawili wa huko kwetu mlimani wanaotengeneza kila kitu na hawamalizi chochote. Mkubwa wao anaitwa Fundi Praygod. Kila mteja anamwambia, "Kesho asubuhi, mama, mimi niko mlangoni kwako kabla ya jogoo." Akibanwa kabisa, anafungua boksi lake la vifaa, anapekua kati ya koleo na bisibisi, anatoa jani la isale kuomba msamaha. Mteja Mchagga atafanya nini? Isale halikataliwi. Anasamehe huku amenuna. Mwongozaji wetu alicheka mpaka kiti kikamwangusha.

Ukiona mambo unayoyajua, usinikasirikie. Likizo zote zile nilizokuwa nakushikia tochi chini ya sinki za watu hazikupotea bure.

Wako,
Pamela


Kibosho, 21 Machi 2024

Mwanangu Pamela,

Marahaba. Tunaendelea. Mvua imeanza kwa fujo, migomba miwili imelala chini, lakini kahawa imechangamka. Vitenge vimefika na mama yako mdogo ameshavaa kimoja kanisani kabla hakijapindwa. Ng'ombe ni yule yule.

Tamthilia tunaitazama. Sebule yangu imegeuka ukumbi, maana Elizabeth alitangaza baada ya misa kwamba ni kazi ya mtoto wetu, kwa hiyo jirani yangu Shedrack anafika mapema kushika kochi na haondoki mpaka chai iishe. Huyo kijana wenu Ronald anayeigiza Praygod anashika nyundo kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Lakini anatembea kama mimi. Nani alimwambia natembea hivyo? Nilimuuliza Elizabeth kama kweli bega langu moja linatangulia, akaingia jikoni kucheka.

Basi jina langu limekwisha. Nimekuwa Praygod barabarani, dukani, hata kanisani. Wakati wa kutakiana amani, katekista alinipa mkono akaninong'oneza, "Kesho asubuhi." Na hilo isale limekuwa wimbo. Mtoto wa jirani hakufanya hesabu, akampelekea mwalimu isale. Mwalimu akacheka, akalipokea.

Ile sehemu ya dari kuangukia sufuria la ndizi za machalari kwenye sherehe ya Komunyo ya Kwanza, watu walicheka mpaka wakagaragara. Hiyo uliipata wapi?

Usijali, nimeuliza tu. Nakutumia ndizi za mtori na maparachichi. Yale ya juu yaliwe kwanza.

Baba yako mdogo,
Wenseslaus


Dar es Salaam, 18 Aprili 2024

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Ndizi zimefika, mtori umepikwa, Baba amekula bakuli tatu na kulala akiwa ameketi.

Huku mambo ni moto. Vijana wanavaa fulana zenye maneno "Kesho Asubuhi". Juzi trafiki alimsimamisha jamaa, jamaa akamtolea jani la mti wowote tu, trafiki akacheka akamwacha apite. Ronald hawezi kununua hata nyanya sokoni kwa amani. Kituo kimeshakubali msimu wa pili, na mimi ndiye mwandishi mkuu! Kwa hiyo nakuomba visa vingine, baba mdogo. Vyako vina chumvi.

Ile ya dari alinisimulia Baba. Si ndiyo ya kwa Mama Winfrida? Alisema lilikuwa dari lako. Nikadhani wewe mwenyewe umeshaicheka zamani.

Mzee Filemon anasemaje? Bila shaka amejiona. Yule mwenzake Praygod, anayeshika ngazi huku anasinzia, ni yeye mtupu. Nakumbuka mlivyokuwa mnapokezana: leo wewe juu yeye chini, kesho yeye juu wewe chini, na wa chini ndiye mwenye kusimulia hadithi. Bado mnafanya hivyo? Msalimie, mwambie namdai hadithi ya fisi wa chooni.

Wako mwenye haraka,
Pamela


Kibosho, 12 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mvua bado. Mfereji wa mfongo umeziba kule juu na maji yameingia kwenye kihamba cha Shedrack, katikati ya migomba yake, tumeshinda huko na majembe. Ng'ombe amezaa jike. Mama yako mdogo anasumbuliwa na goti lakini anatembea.

Kuhusu Filemon, sina habari zake siku hizi. Kazi nafanya peke yangu. Ngazi naifunga kwa kamba.

Visa vya kuchekesha sina kwa sasa. Mpe kaka yangu salamu.

Wenseslaus


Dar es Salaam, 30 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua yako ya Mei ilikuwa fupi, nikasema ni kazi za mvua. Nimekuandikia nyingine mbili, sijapata jibu. Dereva wa basi ameapa kwamba alizifikisha.

Nimempigia mama mdogo. Nilipomuuliza kuna nini, akasema, "Muulize mwenyewe." Sauti yake haikunipendeza. Nikampa Baba aongee naye, Baba naye akaambiwa hayo hayo.

Kama nimekukosea, niambie. Napata barua za watu nisiowajua wakinisifu, na wewe niliyekuandikia kila mstari wa Praygod nikikufikiria, umeninyima hata tusi. Inaniuma, baba mdogo. Nasema wazi.

Pamela


Kibosho, 4 Agosti 2024

Mwanangu Pamela,

Marahaba. Goti la mama yako mdogo limepata nafuu. Ndama anakua. Kahawa tumeanza kuchuma.

Nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu namaliza salamu, naishia hapo. Leo Elizabeth amekaa mbele yangu na anafuma, amesema haondoki mpaka nifunge bahasha.

Dari lile halikuwa langu. Kazi ilikuwa yangu, kenchi za paa nilifunga mimi, lakini siku ya kupigilia dari lenyewe nilishuka Moshi kutafuta rangi. Filemon alibaki. Misumari mirefu iliisha, hakutaka kunisubiri, akatumia mifupi. Lilipoanguka siku ya sherehe, Mama Winfrida alisimama na upawa mkononi akauliza mbele ya wageni, "Nani alifanya hii?" Filemon akatazama chini, akasema, "Mwenye kazi ni Wenseslaus." Sikumbishia. Nilichukua ngazi yangu nikaondoka, na tangu siku hiyo hatukusemeshana. Kaka aliisikia kama wengine walivyoisikia, naye akakupa wewe.

Sasa sikiliza kilichotokea Juni. Jumapili mchana, marudio yako yako hewani, sebule imejaa. Praygod alikuwa ndiyo kwanza anafungua boksi lake kutoa isale. Mlangoni akatokea Filemon. Amevaa koti lake la harusi. Mkononi ana isale, limefungwa fundo kama inavyotakiwa.

Wa kwanza kucheka ni mimi. Nataka ujue hivyo, usije ukadhani ni watu. Na nilicheka kwa furaha, Pamela! Nilidhani ameona njia ya kuja, kwamba tutanie yaishe, kama wanaume wanavyofanya. Nikamwambia kwa sauti kubwa, "Karibu, kesho asubuhi!" Sebule ikalipuka kwa kicheko. Shedrack akainuka, akalichukua lile jani mkononi mwa Filemon, akalitundika juu ya televisheni.

Filemon alitabasamu kidogo. Alikuwa amefungua mdomo, nadhani alikuwa na maneno aliyoyapanga. Kisha akasema, "Basi, endeleeni kutazama." Akatoka. Elizabeth akamfuata ili amsindikize, akarudi amebadilika uso. Alisema, "Gladys yuko getini na mbege."

Mke wake, mwanangu. Alikuwa amesimama nje na chungu cha pombe hiyo, anangoja mumewe apokelewe ndipo aitwe. Alisikia kicheko chote. Nilipofika getini niliona migongo yao tu, na povu la mbege kwenye majani pale chungu kilipowekwa. Hakuna mtu anayelowesha ulezi na kupika ndizi na kungoja mbege iive kwa ajili ya mzaha.

Siku ya pili Elizabeth alikwenda kwa Gladys. Hakukaribishwa ndani, lakini aliambiwa hili: kilichomleta Filemon ni tamthilia yako. Alipoona dari linaanguka na nchi nzima inamcheka Praygod, na Praygod anatembea kama mimi, aliinuka akaenda kukaa nje. Akamwambia mkewe, "Wenseslaus amenibebea kosa langu mpaka Dar es Salaam."

Basi sijui kama nikushukuru au nikulaumu. Vyote viwili vinanijia, wakati mwingine kabla ya chai. Kwa sababu ya jani hilo, babu yako alimsamehe mtu aliyemchomea ghala. Mimi nimeliacha litundikwe juu ya televisheni. Filemon amekwenda Tarakea kwenye kazi ya ujenzi, na Gladys akipishana nami njiani anatazama migomba. Natakiwa nimpelekee mimi sasa. Lakini nikisimama mbele yake na isale, atajuaje kwamba si mchezo?

Hilo ndilo linaninyima usingizi. Elizabeth amemaliza kufuma, nami nafunga.

Baba yako mdogo


Dar es Salaam, 25 Agosti 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, unisamehe. Baba nimemsomea barua yako. Alisema, "Nilimsimulia mtoto kama kichekesho," akaenda kukaa chumbani, hakutoka kula.

Nilipokuwa naandika ile ya isale sikuwa mjinga wa mila. Nilijua ni kitu kizito, na ndiyo maana kilichekesha. Watu hawacheki bisibisi ikitoka kwenye boksi. Nililichukua kwa sababu ya uzito wake, sikufikiria kama nyinyi mngelihitaji tena.

Nilimwendea mwongozaji nikamwambia isale litoke msimu wa pili. Akasema haiwezekani, ndicho watu wanachokingojea. Tumegombana. Lakini nimepata wazo: niandike sehemu moja ambayo Praygod anapeleka isale la kweli. Hakuna muziki, hakuna kichekesho, watu wote kimya. Mzee Filemon akiiona huko Tarakea ataelewa, na wewe ukienda hatakuwa na shaka. Naweza kuimaliza mwezi huu. Niambie tu ndiyo.

Nakulilia, baba mdogo, nikiwa ofisini kwa watu.

Pamela


Kibosho, 8 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nyamaza kulia.

Hapana. Usiniombee msamaha kwa televisheni. Imeshaongea ya kutosha. Na mwambie kaka ale, dari halikuanguka kwa sababu yake.

Filemon anatarajiwa kurudi Novemba. Ningoje nimalize hili kwa miguu yangu.

Wenseslaus


Kibosho, 17 Novemba 2024

Mwanangu Pamela,

Marahaba, na salamu nyingi. Sisi wazima kabisa. Kahawa imeuzwa. Ndama amerithi tabia ya mama yake, jana amekula soksi.

Filemon amerudi, na jana nilikwenda kwake. Nililikata isale kwenye makaburi ya wazee wetu, nikafunga fundo. Elizabeth alikuwa amepika mbege. Nilimchukua Shedrack aibebe, kwa kuwa mkono wake ndio uliolitundika lile. Njia nzima hakusema neno, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu abatizwe.

Tulimkuta Filemon juu ya ngazi, anatengeneza mfereji wa bati. Peke yake. Ngazi ameifunga kwa kamba kwenye nguzo, kama mimi. Alituona, akashuka taratibu, akafuta mikono kwenye suruali. Akalitazama jani, akanitazama mimi.

Akacheka.

Si kicheko kidogo. Alicheka mpaka akashika ngazi asianguke. Majirani wakachungulia kwenye uzio. Shedrack akataka kueleza, nikamkanyaga mguu. Nilisimama na jani langu mkononi, nikamwacha, kwa sababu ilikuwa haki yake, na nilitaka kujua ilivyokuwa kusimama hivyo. Ni vibaya sana, Pamela. Huna pa kuweka macho.

Kicheko kikaisha. Uso wake ukabaki mtupu. Maneno niliyoyapanga yote yalikuwa yamenitoka, nikasema yaliyobaki: "Uliniletea nikacheka. Nimekuja ucheke na wewe, halafu upokee."

Akalipokea kwa mikono miwili.

Tukakaa chini pale pale kwenye mbao. Filemon akasema, "Misumari ilikuwa mifupi." Nikasema, "Najua." Hatujazungumza zaidi ya hapo kuhusu dari, na sidhani kama tutazungumza.

Tulishuka pamoja kwa Mama Winfrida, maana dari lake liko wazi mpaka leo, amelifunika kwa turubai. Akatuuliza tutakuja lini kulifanya. Tukatazamana na Filemon tukakosa la kujibu, maana neno tulilokuwa tunalisema miaka yote umelichukua wewe. Ikabidi tuanze saa ile ile. Alipanda yeye. Mimi nilishika ngazi, nikamsimulia habari za Praygod. Misumari nilichagua mimi.

Kuna jambo moja halijaisha. Gladys hakutoka nje. Mbege yetu hakuionja. Tulipokuwa tunaondoka tulimsikia kutoka jikoni akisema, "Huyo nimemsikia. Na aliyeandika, yeye haji?" Filemon alitaka kukutetea, nikamzuia. Jibu la swali hilo si langu.

Tunakungoja Krismasi.

Baba yako mdogo,
Wenseslaus


Dar es Salaam, 3 Desemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako tuliisoma mezani, Baba akaomba irudiwe pale pa misumari. Amekula. Tunapanda basi pamoja wiki moja kabla ya sikukuu, kwa hiyo mwambie mama mdogo atandike vitanda viwili na afiche soksi.

Msimu wa pili umeanza kupigwa picha. Isale lipo, limeandikwa na mtu mwingine. Mimi niliwaambia kalamu yangu imegoma, wakanipa sehemu chache za mwanzo na uandishi mkuu wakampa mwenzangu. Iliniuma nilipotoka mlangoni. Nilipofika nyumbani ilikuwa imepungua.

Lile jani tulilotumia kwenye msimu wa kwanza ni la plastiki. Sikuwahi kukwambia. Waliniachia kama kumbukumbu, liko hapa mezani, kijani vile vile kama siku tuliyolinunua.

Najua utataka kunirahisishia, kwa hiyo naomba mapema: usinikatie isale. Nionyeshe tu pa kukata na namna ya kufunga fundo. Na siku nitakayokwenda kwa mama Gladys, wewe na mzee Filemon mbaki na ngazi zenu. Nitakwenda mchana, majirani wakiwepo.

Akicheka, nitasimama.

Mwanao,
Pamela